Chuma cha Mwisho cha Baba

3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na paa la chumba cha mashine limevuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya kichwa changu. Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Mbele kuna namba za kamshafti zote nilizowahi kusaga katika gereji hii, miaka ishirini na miwili ya namba, na hakuna anayelifungua ila mimi. Kaka akitaka kipimo ananiita kwa sauti kutoka uani. Kwa hiyo huku nyuma nitaandika nitakalo.

Kaka ameishusha injini ya gari lake. Ni gari la mashindano la viti viwili, kuukuu, alilolinunua likiwa limepondwa ubavu mmoja. Mvua zikiisha kuna mashindano ya kupanda mlima, na ameapa kwamba mwaka huu hatakuwa wa nne tena. Anataka injini ijengwe upya, iwe na nguvu zaidi. Nguvu hiyo itatoka kwenye kamshafti, na kamshafti zinatoka mikononi mwangu.

Alikuja na vikombe viwili vya chai, nikajua kuna jambo. Kaka hajawahi kuniletea chai bure.

"Mdogo wangu," alisema, "nichoree kamshafti itakayowatia watu adabu. Nikishinda, chumba hiki ni chako. Nakuandikia karatasi, na jina lako linapakwa mlangoni."

Baba alipofariki, gereji iliandikwa jina la kaka. Mimi nilirithi koti la kazi la baba, ambalo mabega yake yananining'inia. Miaka kumi na mmoja sasa nimekuwa mgeni katika chumba ninachofanyia kazi. Nikamwambia sawa, na nikajichukia kwa jinsi nilivyosema haraka.

5 Machi

Kabati la chini limebaki na chuma kimoja cha baba. Ni fimbo ya chuma cha kumimina yenye nundu kumi na mbili ghafi, mbili kwa kila silinda. Baba alimimina vyuma vinane vya injini za aina hii, kisha kalibu ya kumiminia ikapasuka, kisha yeye mwenyewe akaondoka. Saba vimetumika. Nikikosea hiki, hakuna kingine.

Kwa asiyejua (lakini nani atasoma?), kamshafti inazunguka ndani ya injini, na kila nundu ikipita inasukuma vali ifunguke. Nundu ikiwa ndefu, vali inafunguka zaidi. Ikiwa pana, vali inakaa wazi muda mrefu zaidi, injini inavuta pumzi kubwa, nguvu inaongezeka. Ukizidisha, gari likisimama linakohoa kama mzee mwenye kifua. Ukizidisha zaidi, vali inakutana na pistoni, na hapo unaanza kuokota vipande.

Nimepima kamshafti ya zamani nyuzi moja baada ya nyingine, duara zima. Namba mia tatu na sitini. Macho yananiwasha.

6 Machi

Mvua. Namba.

9 Machi

Tumegombana. Kaka anataka vali ifunguke milimita kumi na mbili. Mimi nasema kumi na moja, kwa sababu kwa kumi na mbili springi za vali zitabanana mpaka hakuna nafasi ya karatasi.

"Unaogopa kama baba," akaniambia.

"Baba hakuvunja injini hata moja."

"Na hakushinda hata shindano moja."

Akatoka na kubamiza mlango. Fundi tunayemwita Mpaka Rangi, ambaye kazi yake ni kupulizia magari rangi na kuingilia mambo yasiyomhusu, akachungulia. "Dada, mlango huo nimeupaka juzi. Mwambie bosi akiugombeza, augombeze kwa upole."

Nilicheka, lakini roho iliniuma. Kaka anamtaja baba kila wakati anapotaka kunishinda, na yeye ndiye aliyemkimbia baba kila palipokuwa na kazi ya kupima. Alikuwa hodari wa wateja. Mikono yake ilikuwa hodari wa kupeana mikono.

12 Machi

Kaka amekubali kumi na moja na nusu. Mimi pia nimekubali. Nitaweka springi nyembamba kidogo, mbilimbili.

14 Machi

Nimeanza kuchonga kigezo kwa tupa. Mgongo hauninyooki.

20 Machi

Bado nachonga. Mvua haijakatika siku ya tano. Wifi, mke wa kaka, amepita kuchukua mwavuli na kuniuliza kama sichoki na kelele. Nikamwambia kelele hazinichoshi, watu ndio wananichosha. Alicheka akidhani ni mzaha.

27 Machi

Kigezo kimekamilika. Ni kipande cha chuma ukubwa wa kiganja, chenye umbo la nundu moja iliyokuzwa. Ukikifunga kwenye mashine, jiwe la kusagia linakifuata na kulihamisha umbo lake kwenye chuma, nundu baada ya nundu. Wiki mbili za tupa na geji. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki na sidhani kama nitatengeneza kingine.

Uzuri wake uko hapa: nundu yangu ina migongo miwili isiyofanana. Mgongo wa mbele ni mkali, unaifungua vali kwa haraka. Mgongo wa nyuma ni mpole, unairudisha vali mahali pake taratibu ili isidunde. Ndivyo nilivyompa kaka nguvu anayoitaka bila kuvunja kitu.

Lakini kuna mtego. Injini nyingi zinaizungusha kamshafti kwa cheni, na cheni inaipeleka upande uleule wa krenki, mhimili mkuu wa injini. Injini hii ya kaka haina cheni. Ina gia mbili zilizoumana, na gia mbili zikiumana, moja lazima izunguke kinyume cha mwenzake. Kwa hiyo kigezo lazima kigeuzwe kabla ya kufungwa, la sivyo mgongo mkali unakwenda nyuma: vali inafunguliwa kwa adabu na kufungwa kwa kubamizwa. Gari likienda polepole hutasikia kitu. Likivuka mizunguko elfu sita kwa dakika, utasikia.

Baba alikuwa anagonga doti, nukta ndogo ya alama, upande mmoja wa kila kigezo. "Cheni, doti nje. Gia, doti ndani." Aliniambia mpaka nikaota. Kaka wakati huo alikuwa getini anapiga soga. Nimegonga doti, na maneno hayo nimeyaandika huko mbele, juu ya namba za kamshafti hii.

Saa kumi kaka alikuja akakishika kigezo, akakigeuzageuza kwenye mwanga. Akawaita wote. "Mnaona? Huyu akinipa ushindi, chumba hiki ni chake. Ninyi ni mashahidi." Mpaka Rangi akauliza jina liandikwe kwa rangi gani. Nikasema buluu. Nilikuwa na furaha, naandika ili nisije kukana baadaye.

1 Aprili

Paa limevujia jiwe la kusagia usiku kucha. Jiwe likinywa maji upande mmoja linakosa mizani, na likizungushwa linaweza kupasuka usoni mwa mtu. Lazima likauke siku kumi. Nimemwambia kaka alitengeneze paa. Ameleta ndoo.

4 Aprili

Ndoo imejaa.

8 Aprili

Mama ameteleza bafuni na kuumia nyonga. Anaishi peke yake katika nyumba yetu ya zamani, mwendo wa saa tatu kwa basi. Hakuna aliyeuliza nani ataenda. Sina mume, sina watoto, kwa hiyo kila ugonjwa katika ukoo huu ni wangu. Kaka alinibebea begi, daftari hili likiwa ndani, mpaka kituoni. "Muuguze mama, usiwe na wasiwasi na kazi," akasema. Nikaona ana utu, kumbe.

10 Aprili

Mama anakula. Mvua.

13 Aprili

Mama leo aliweza kukaa. Nilikuwa namsuka nywele, akaanza kusema mambo ya zamani.

"Baba yako alijua mkono ni wako," akasema. "Alikuwa ananiambia."

"Mbona hakusema mbele ya watu?"

"Mwanangu, gereji inataka jina la mwanamume. Wateja wangekimbia. Alisema kaka yako atakuwa jina na wewe utakuwa mkono, na mtasaidiana."

"Na mkono uligawiwa nini?"

Mama akasema namvuta nywele, naye alikuwa na haki, nilikuwa namvuta.

Miaka yote hii nilimlaumu kaka peke yake. Baba nilimweka mahali pa juu, pasipofikiwa na lawama. Leo nimemshusha. Alijua, akachagua, na akanipa koti.

15 Aprili

Mama ametembea mpaka mlangoni. Binti wa jirani atakaa naye. Narudi kesho kutwa.

17 Aprili

Nimefika gerejini saa nne asubuhi, begi bado begani, nikaingia moja kwa moja chumba cha mashine. Kabati la chini lilikuwa wazi na chuma cha baba hakikuwemo. Sakafuni kulikuwa na vumbi la kusagia, jipya, halijafagiwa. Jiwe lilikuwa limekauka. Kigezo changu kilikuwa bado kimefungwa kwenye mashine.

Doti ilikuwa nje.

Nilisimama nikaiangalia. Nikaigusa kwa kidole nikidhani nimechoka na safari. Doti ilikuwa nje, inanitazama. Kaka amesaga kamshafti mwenyewe, na amekifunga kigezo kama injini za cheni, kwa sababu alizowahi kuona zikisagwa ni za cheni tu. Chuma cha mwisho kimekwisha kuliwa. Nundu kumi na mbili, zote nyuma mbele.

Injini ilikuwa uani chini ya turubai, wamekwisha kuifunga. Nikakimbia. Nilikuwa na maneno mdomoni tayari: kaka, simama, usiiwashe. Wallahi nilikuwa nayo.

Kaka alikuwa amesimama kando ya injini na kijana mmoja mwenye kamera, mwandishi wa gazeti la magari. Kaka alikuwa amenipa mgongo.

"Hii yote ni hesabu yangu," kaka alikuwa anasema. "Kamshafti hii nimeichora mwenyewe, nimeisaga mwenyewe. Damu ya mzee, unajua."

"Nasikia una dada anayefanya kazi hii pia," mwandishi akasema.

"Dada ananisaidia. Anasafisha mashine, anatunza daftari. Bila yeye tungepotea kwenye uchafu." Wakacheka wote wawili.

Nikafunga mdomo. Nilichofikiri ni hiki, nakiandika kama kilivyokuja: kama ameichora mwenyewe, basi anajua inazunguka upande gani.

Nikarudi ndani nikafagia vumbi. Si ndiyo kazi yangu.

18 Aprili

Nimelala vibaya. Kaka ameniambia kwa furaha kwamba alisaga ili mimi nisiharakishwe, nikae na mama. Labda ni kweli. Ukweli wake hauondoi uongo wake wa jana. Nilimsikiliza nikimwangalia mikono, ilikuwa na malengelenge. Amejitesa siku mbili kwa kazi ambayo ningeimaliza kwa nusu siku.

Sikusema.

19 Aprili

Wamewasha injini. Imelia vizuri mno. Polepole hakuna kasoro, hata mimi ningedanganyika. Mpaka Rangi alicheza uani kwenye matope. Kaka akanigeukia, "Vipi, dada? Unasikia kitu?"

"Wewe ndiye uliyesaga," nikasema.

Akaona ni sifa.

20 Aprili

Gazeti limetoka. Picha ni ya kaka na injini. Kwenye kona inaonekana nusu ya ndoo yangu.

22 Aprili

Kaka alikuja na kikombe kimoja cha chai, chake. "Nizungushe mpaka ngapi mlimani?" akaniuliza.

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili, na hakukuwa na mwandishi wala mtu mwingine. Alikuwa kaka yangu tu, na shati lake limekosewa vifungo. Ningeweza kumwambia asivuke elfu tano. Ningeweza hata kumdanganya kwa wema, nikasema springi hazijazoea. Angefika juu mzima, wa nne, amekasirika.

"Daftari linasema elfu saba," nikamjibu.

Daftari kweli linasema elfu saba. Ukiangalia ukurasa huo utaona, na juu yake utaona jambo la doti. Nilitaka aende akasome. Nilijiambia kwamba akilifungua daftari mara moja tu katika maisha yake, ataokoka. Hakulifungua. Alisema asante.

23 Aprili

Mvua inapungua.

25 Aprili

Kesho ni mlima. Nimekigeuza kigezo kwenye mashine, doti ndani, kama kinavyotakiwa. Hakuna chuma cha kusaga. Sijui nimefanya hivyo kwa ajili ya nani.

27 Aprili

Yametokea jana. Jana sikuweza kuandika.

Barabara ya mlimani ilikuwa imekauka katikati, pembeni bado na tope. Watu walikuwa wengi. Magari yalipanda moja moja. Zamu ya kaka ilipokaribia, aliniita nimkazie kamba ya kofia, vidole vyake vilikuwa vinene na baridi. Alikuwa anaogopa. Sikuwahi kumwona kaka akiogopa tangu tuko wadogo.

"Niombee, mdogo wangu."

"Kaka," nikasema.

"Nini?"

Injini ilikuwa inanguruma na mwenye bendera alikuwa anatutazama. Neno lilikuwa moja tu. Rudi. Nilikuwa nalo kwenye ulimi, silalamiki kwamba sikupata muda, muda ulikuwepo.

"Kaza mkanda," nikasema.

Akaenda. Kona ya kwanza aliipita vizuri, ya pili vizuri zaidi, na mlio ulikuwa mtamu mpaka nikasahau, wallahi kwa muda nilisahau na nikaona fahari. Kisha likafuata eneo lililonyooka, kaka akakanyaga mpaka mwisho, na nikasikia mizunguko ikipanda, elfu tano, elfu sita. Hapo mlio ukaharibika. Ulikuwa kama mtu amemwaga misumari kwenye karai. Halafu mshindo mmoja, halafu kimya.

Vali ilivunjika ikaingia kwenye silinda, fimbo ya pistoni ikatoboa bloku, oili yote ikamwagika chini ya tairi zake mwenyewe. Gari likateleza, likapiga ukuta wa mawe kwa ubavu wa kulia. Kaka yu hai. Kichwa kizima, miguu mizima. Mkono wa kulia umesagika, vidole vitatu. Daktari amesema atashika kijiko, lakini kazi ya kupima asahau.

Wifi alinikumbatia hospitalini akilia kifuani kwangu, akasema ana bahati ya kuwa na wifi kama mimi. Nilimshika. Ningefanya nini?

Daftari limelala na mimi tangu jana. Leo nalirudisha rafuni, sitaki kuliona nyumbani.

7 Mei

Siku kumi sikuandika, kwa sababu daftari sikuwa nalo. Kaka alitoka hospitali tarehe 30, na siku hiyohiyo akataka injini ifunguliwe. Mimi nilikuwa kwa mama. Akamtuma Mpaka Rangi: "Niletee daftari la dada, nataka kujua nimekosea wapi." Mpaka Rangi alinieleza haya niliporudi, kwa mzaha wake wa kawaida. "Bosi siku hizi ni msomi, dada. Siku nne hajaliachia."

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nikataka kuondoka, nikakumbuka sina pa kuondokea.

Leo asubuhi kaka aliwaita wote uani. Bandeji imemfunika mkono wa kulia mpaka kwenye kucha. Amekonda. Hakunitazama alipoanza kusema.

"Mmesikia mengi kuhusu injini ile. Kamshafti ilichorwa na dada yangu, na aliichora sawa. Namba zake zote ni sahihi. Mimi nilisaga bila kumuuliza, na sikugeuza kigezo. Niliyoyasema gazetini ni uongo. Kosa ni langu, nisisikie mtu akilitupa kwingine."

Watu waliangalia chini.

Kisha kaka akanigeukia. "Ungekuwepo siku ile, ungeona doti iko nje?"

Wote wakanisubiri. Nikasema, "Ningeiona."

"Najua," akasema.

Akatoa ufunguo wa chumba cha mashine mfukoni kwa mkono wa kushoto, kwa shida, akaniwekea kiganjani. Karatasi ameshaiandika na wifi ametia sahihi kama shahidi. Halafu akanipa daftari, akaenda kukaa getini.

Mchana Mpaka Rangi aliandika jina langu mlangoni, kwa buluu. Ameliandika vizuri.

Nilisubiri wote waende kula ndipo nikalifungua. Kurasa za mbele zilikuwa safi. Nikafungua nyuma. Kwenye ukurasa wa tarehe 17 Aprili, pembeni, kuna alama ya dole gumba la oili. Kuna nyingine tarehe 22, na kwenye ukurasa wa mlima ziko mbili. Zote ni za dole gumba la kushoto.

Mvua imekatika. Kesho saa mbili tunafungua kazi, mimi humu ndani, yeye pale getini.